Saa za Vitus

Mwezi wa saba huku Ufipa upepo haubishi hodi. Unapita chini ya mlango, unakukuta umejifunga blanketi na kikombe cha pili cha chai mkononi, na bado unakutetemesha. Hivyo ndivyo alivyokuwa mzee Kasimiri siku ile ya Jumanne, saa nane mchana, katika chumba cha nyuma cha nyumba yake kando ya Kaengesa: koti mwilini, kofia ya sufu kichwani, macho kwenye kompyuta. Mtu mzima wa miaka sitini na miwili, mwalimu wa fizikia mstaafu, amejifungia ndani jua linawaka nje, eti anatazama nyota.

Na alikuwa anazitazama kweli. Nyota zilishapigwa picha miaka mingi iliyopita, picha zikageuzwa mistari, mistari ikageuzwa namba, na kazi iliyobaki ilikuwa ya mezani. Majirani walishazoea. Akipita mtu barabarani na maksai wake, akiona dirisha lile limefungwa, anasema Mwalimu yuko na nyota zake, na safari inaendelea.

Nyumba ilikuwa kimya. Mkewe, Mariana, alikwenda Mbeya kumsaidia binti yao aliyejifungua. Ilikuwa safari ya miezi mitatu. Sasa ni mwaka wa pili na mjukuu anakimbia. Wanaongea kwenye simu kila Jumapili baada ya misa, na kila Jumapili Mariana anasema atarudi mvua zikianza. Mvua zipi, hasemi. Kasimiri anasonga ugali wake wa ulezi mwenyewe na anaula akiwa amesimama jikoni, kwa sababu kukaa mezani na kiti kitupu mbele yake kunamuumiza kuliko njaa. Upweke ulikuwa umeshamkaa, na yeye aliamini kwamba hakuna mtu Kaengesa nzima aliyeujua kama yeye.

Siku ile, hata hivyo, alikuwa na furaha. Asubuhi alipata ujumbe kutoka kwa Asnath, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ni daktari wa mambo ya nyota na anafundisha chuo kikuu.

"Mwalimu, shikamoo," aliandika Asnath. "Jarida limejibu. Wameipenda makala! Mkaguzi anataka kitu kimoja tu. Kwenye jedwali la saa za picha, tuongeze safu inayoonyesha nyota ilikuwa juu kiasi gani angani wakati kila picha inapigwa. Ni utaratibu tu, Mwalimu. Tuwarudishie kabla ya Ijumaa."

Makala yenyewe ilikuwa na majina matatu, na la kwanza lilikuwa la mtu ambaye hakuwahi kuvuka kidato cha pili: Vitus, fundi wa maabara, marehemu. Siku ya kumaliza matanga, mbele ya watu wote, Kasimiri alimwahidi Cornelia, mjane wa Vitus, kwamba jina la mumewe litatoka kwenye vitabu vya wasomi wa dunia. Miaka mitatu aliibeba ahadi ile. Sasa ilikuwa imebaki safu moja ya namba.

Turudi nyuma kidogo. Kasimiri na Vitus walikutana shuleni, shule moja ya kanisa huko huko Kaengesa, Kasimiri akiwa mwalimu kijana na Vitus akiwa mtu wa maabara, wa kuosha chupa na kutengeneza kila kilichovunjika. Bruda mmoja wa Kizungu alipomaliza kazi na kurudi kwao aliacha darubini, ndefu kama meza ya kulia chakula, na hakuna aliyejua aifanyie nini. Vitus aliitazama wiki nzima. Kisha akachonga boksi la mninga, akaweka nyembe mbili zikitazamana na mwanya mwembamba kuliko unywele, nyuma yake akaweka kioo chenye mistari midogo midogo ambacho Asnath aliwatafutia, na mwisho kamera kuukuu. Taa ya kupimia waliing'oa kwenye tester ya fundi umeme. Ikawa spektroskopu, chombo cha kuchambua mwanga. Haikuwa nzuri kwa macho, lakini ilifanya kazi.

Walichagua nyota moja kwenye mkia wa Nge, lile kundi la nyota lenye umbo la nge. Kwa macho ni nyota moja tu. Ila ukiipitisha kwenye zile nyembe, mwanga wake unatandazwa kama upinde wa mvua, na ndani ya upinde kuna mistari myembamba. Usiku mmoja mstari ni mmoja. Baada ya siku mbili umepasuka, kipande kimoja kimesogea kwenye bluu, kingine kwenye nyekundu, maana nyota ni mbili: moja inakuja upande wetu, nyingine inakwenda zake. Zinazungukana. Baada ya siku tisa na ushei mchezo unaanza upya. Nyota hiyo ina namba ndefu kwenye orodha za wataalamu, lakini wao waliiita Wale Wawili.

Na kulikuwa na mstari mwingine, wa haidrojeni, uliong'aa badala ya kuwa mweusi. Huo ndio uliowafunga miaka kumi na moja. Mstari ule maana yake ni gesi iliyotoka: mmoja wa Wale Wawili amevimba kupita kiasi, anammwagia mwenzake vitu vyake, mwenzake hawezi kupokea vyote, na vingine vinatokomea moja kwa moja. Vitus alisema, "Mwalimu, huyu anapepetwa kama ulezi." Kasimiri alicheka, kisha akaona kwamba hakuna kitabu kilichowahi kulieleza jambo hilo vizuri zaidi. Uzito ukipotea hivyo, mvuto unalegea, wawili wanasogea mbali kidogo kidogo, na mzunguko unachukua muda mrefu zaidi. Ukitaka kujua ni kiasi gani kimepotea, hupimi gesi. Unapima saa. Unangoja miaka mingi uone kama wanachelewa.

Kwa hiyo saa ilikuwa kila kitu. Na kwa kuwa saa ya ile kamera ilishakufa, ikikatiwa betri inarudi mwaka ilipotengenezwa, walitegemea daftari. Daftari lilikuwa na safu nne alizozichora Vitus kwa rula: Tarehe, Saa, Hali ya anga, Waliopo. Kasimiri alikaa kwenye darubini na kutaja saa kwa sauti, kwa mtindo wa redio na viwanja vya ndege, "ishirini na moja na dakika kumi," na Vitus akaandika alichoambiwa. Kwenye Waliopo aliandika V. na K., kila mara, kana kwamba ni mahudhurio ya darasani. Mahali pengine wangeitwa wanajimu. Kwetu Sumbawanga, wanaume wawili wanaojifungia kwenye kibanda gizani na kitaa chekundu, mnajua wenyewe wangeitwa nini, na waliitwa.

Mwaka 2016 Kasimiri alipata ukuu wa shule, shule ya mjini, akahamia Mazwi. Si mbali. Kwa bodaboda ni saa moja, ukiwa na dereva muoga. Kibanda kikahamishwa kutoka shuleni hadi uani kwa Vitus, na Kasimiri akaahidi kuja kila Ijumaa. Ijumaa mbili za kwanza alikuja. Ya tatu kulikuwa na kikao cha bodi.

"Mwalimu, Ijumaa hii vipi?" Vitus alimpigia.

"Ijumaa hii nimebanwa, ndugu yangu. Ijumaa ijayo bila kukosa."

Tusimsingizie mtu ubaya. Alikuwa amebanwa kweli, na ukuu wa shule ni mzigo. Lakini vilevile alikuwa amepata kiti cha kuzunguka, na wageni wa wilaya walimwita Mheshimiwa, na kibanda cha Vitus kilikuwa na baridi. Mwaka wa pili Vitus aliacha kuuliza. Alikuwa anapiga kusema tu, "Leo kweupe," na Kasimiri anajibu, "Safi sana, endelea," na kumtumia betri kwa mtu anayepanda kwenda Kaengesa. Miaka sita ilikwenda hivyo. Mwezi wa kumi mwaka 2022 presha ilimwangusha Vitus shambani, na Kasimiri akafika Kaengesa bila kuchelewa, kwa gari la shule, kuzika.

Alipostaafu mwaka uliofuata alirudi Kaengesa na kuchukua madaftari yote na ile kamera kwa Cornelia. Kibanda chenyewe hakukiingia. Alisema ana haraka na kazi ya kuingiza namba, na ni kweli alikuwa nayo. Akaziingiza moja moja kwenye kompyuta, miaka mitano ya kwanza ya pamoja, kisha miaka sita ya Vitus peke yake, mistari mia tatu na kumi na saba. Tarehe, saa. Hali ya anga akaifupisha. Waliopo akaiacha, kwa sababu jedwali halikuwa na haja nayo. Alipochora mchoro, aliinuka kitini. Miaka ya kwanza nukta zililala kwenye mstari ulionyooka. Kisha zikapanda. Wale Wawili walikuwa wanachelewa, kwa saa kadhaa, na Asnath aliupitia mchoro ule na kupiga simu akilia kwa furaha: "Mwalimu, wanaachana! Mmewakamata wanaachana!"

Basi Jumanne ile Kasimiri akaandika fomula ya kupata urefu wa nyota angani, akabonyeza, akainua kikombe. Safu mpya ikajijaza yenyewe kutoka juu kwenda chini. Nyuzi hamsini na moja. Arobaini na nne. Sitini. Alikuwa anakunywa taratibu, anaacha namba zipite, mpaka alipofika Septemba 2017 na kuona alama ya kutoa.

Nyuzi ishirini na tisa, chini ya upeo wa macho.

Alidhani amekosea fomula. Akaipitia. Haikuwa na kosa. Akashuka chini zaidi: kila Septemba na kila Oktoba ya miaka ya Vitus zilijaa alama za kutoa. Tarehe 14 Septemba 2019, saa 3:40, nyota ilikuwa nyuzi thelathini na mbili chini ya ardhi. Kwa mujibu wa jedwali hili, Vitus alielekeza darubini yake sakafuni, akapiga picha kupitia dunia nzima, na picha ikatoka safi.

Kasimiri aliweka kikombe chini. Mwezi wa tisa, usiku wa manane umeshapita, Nge hayupo. Anajua mtoto yeyote wa Ufipa aliyewahi kulinda shamba: wakati ule Nge anakuwa ameshazama nyuma ya milima ya upande wa ziwa. Na yeye, mwalimu wa miaka thelathini, aliandika makala nzima bila kuinua kichwa na kujiuliza nyota ilikuwa wapi.

Saa 3:40. Aliitamka kwa sauti chumbani, kama ambavyo angeitamka kwa mtu aliyemuuliza saa njiani. Saa tatu na dakika arobaini. Usiku.

Saa tatu na dakika arobaini usiku ni baada ya chakula, watoto hawajalala wote. Kwa mtindo wa viwanja vya ndege ni ishirini na moja na arobaini. Vitus alipokuwa naye aliandika alichotajiwa. Alipobaki peke yake, hakukuwa na wa kumtajia; aliangalia saa ya ukutani, akaisoma kama anavyoisoma kila Mswahili, akaandika. Saa mbili, saa tatu, saa nne, saa tano. Na kwa bahati mbaya ambayo ungedhani imepangwa, namba hizo hizo, ukizisoma kizungu, nazo ni za gizani, karibu na alfajiri. Hakuna iliyopiga kelele. Na kwa kuwa tarehe ya daftari huhesabiwa ya jioni usiku unapoanza, miaka sita yote ilisogezwa mbele saa sita, ikatokea nyota zinazochelewa.

Alitoa saa sita kwenye kila mstari wa Vitus. Akachora upya. Nukta zote zilishuka taratibu na kulala kwenye mstari ulionyooka. Wale Wawili hawakuwa wamechelewa. Walikuwa wanakuja kwa wakati wao, miaka yote kumi na moja, na kama walikuwa wanaachana, basi walikuwa wanaachana polepole mno kwa kibanda cha Kaengesa kuona.

Sasa tuseme ukweli wote, hata ule wa aibu. Mistari yenye alama ya kutoa ilikuwa themanini na minne. Kasimiri aliifuta. Aliirudisha ile mingine kwenye saa za makosa, maana miezi ya tano, ya sita na ya saba Nge huwa juu usiku kucha, na mkaguzi asingeona lolote. Mchoro ukapanda tena, mzuri kama zamani. Alihifadhi faili. Jina la Vitus lilikuwa juu, la kwanza, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Aliona haya mbele ya chumba kitupu.

Ilibaki kazi moja ya unadhifu: kuweka alama ya penseli kwenye madaftari, pale palipofutwa, ili vitabu visigongane. Akafungua la mwaka 2017. Kwa mara ya kwanza jicho lake halikuishia kwenye Saa. Liliteleza hadi mwisho wa mstari, kwenye Waliopo, safu aliyoiruka miaka yote hii kwa kuwa jedwali halikuihitaji.

*V. yupo. K. yuko njiani.*

Akashuka mstari unaofuata. *V. yupo. K. yuko njiani.* Akafungua ukurasa. Akafungua daftari la 2019, la 2021. Mwandiko ulikuwa ule ule, wa mtu anayebonyeza kalamu sana. Mia tatu na kumi na saba, na hakuna hata mmoja ulioandikwa kwamba hayupo, au hakuja, au amebanwa. Miaka sita alikuwa njiani. Kasimiri alifunga daftari, akaweka kofia yake usoni, na mzee yule akalia kwa sauti mchana kweupe.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Cornelia. Alimkuta uani anapepeta ulezi. Upepo wa mwezi wa saba, kwa kazi hiyo, hauna mpinzani. Wakasalimiana kwa Kifipa, wakapigiana makofi ya heshima, akaletewa kigoda. Kibanda kilikuwa pale pale nyuma ya zizi, kimefungwa kufuli.

"Shemeji, nimekuja na habari si nzuri," alisema. "Ile makala ya Vitus haitatoka. Nyota hazikuchelewa. Saa alizoandika Vitus, mimi nilizisoma vibaya."

"Aliandika vibaya?"

"Aliandika saa tatu. Mimi nikasoma tatu za kizungu."

Cornelia aliutua ungo. "Sasa Vitus angeandika saa ipi nyingine, shemeji? Saa tatu si saa tatu?"

"Ni saa tatu," Kasimiri alikubali.

"Basi yeye hakukosea."

"Hakukosea."

Cornelia aliuchukua ungo tena, akapepeta mara mbili tatu, makapi yakaruka mpaka ukutani. Kasimiri alijua swali linalokuja, na lilikuja.

"Ungekuwepo hata siku moja ungeona, si ndiyo?"

Hakuuliza kwa hasira. Ingekuwa hasira, Kasimiri angejua pa kuishika. "Ndiyo," alisema. "Siku moja tu ingetosha. Ningesema Vitus, andika hivi, na yangekwisha."

"Mimi nilikuwa namwambia, mume wangu, baridi itakuua, huyo mwenzako ameshakuwa mkubwa, haji. Anatoa viti viwili, anafuta vumbi vyote viwili. Anasema mama, Mwalimu atarudi, na akirudi asikute pengo kwenye daftari. Ndilo neno lake. Asikute pengo." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga, kwa makapi au kwa jambo jingine. "Siku nyingine nilikwenda kukaa naye mimi. Akanikatalia kile kiti cha pili chenye mto, eti ni cha Mwalimu, nikakaa kwenye ndoo."

Kasimiri alitaka kusema alikuwa na vikao, akaliacha neno kwa kuwa lilikuwa kweli na halikuwa na maana yoyote. Kwa miaka miwili alikuwa akijihurumia kwa kiti kimoja kitupu mezani kwake. Vitus mwenzake alikipangusa cha kwake kila jioni.

"Nilikuahidi jina lake," alisema mwishowe. "Ningeweza kulitoa. Nilikuwa nimeshafanya hila jana. Nikashindwa."

"Hila kwa kutumia jina la Vitus?" Cornelia alimwangalia moja kwa moja. "Mtu aliyekuwa akipata chenji iliyozidi sokoni anarudi kilomita nne? Afadhali lisitoke, shemeji. Waandikie ukweli. Lakini usiwaambie ni yeye."

Aliandika akiwa pale pale, kwenye simu, vidole vikikataa kwa baridi. *Asnath mwanangu, usiwapelekee. Saa za miaka sita ya mwisho nilizisoma vibaya, zipungue saa sita zote, utaona mstari umenyooka. Vitus aliandika sawasawa. Waambie msomaji wake ndiye hakuwepo.*

Jibu lilichelewa mpaka ulezi wote ukaisha kupepetwa. Asnath hakupiga simu. Inawezekana alihitaji muda wa kuomboleza mchoro wake. Kisha likaja: *Nimeona, Mwalimu. Pole sana. Nimewaandikia kuiondoa. Mstari wa haidrojeni bado upo, gesi inatoka kweli, ila kwa miaka kumi na moja hatuwezi kusema kama wanaachana. Ingehitajika miaka mingine kumi, bila kukatika. Na toka 2022 hatuna kitu.*

Toka 2022 hatuna kitu. Kasimiri aliusoma mstari ule mara tatu. Zaidi ya miaka miwili alikuwa Kaengesa, mwendo wa dakika kumi kutoka kibandani, akiwa na madaftari yote mezani, na hakuwahi kwenda kufungua mlango hata mara moja. Vitus hakuacha pengo hata la msimu mmoja. Pengo ni la kwake.

"Shemeji," alisema, "ufunguo uko wapi?"

Cornelia aliutoa kwenye fundo la kanga. Alikuwa nao palepale.

Akashinda pale mpaka jioni, akafagia, akaua mchwa, akapaka mafuta reli za bati la juu ambalo Vitus alilitengeneza lisukumwe pembeni. Darubini ilikuwa imefunikwa shuka la kitanda. Viti viwili viliegemezwa ukutani, na kimoja kilikuwa na mto. Betri za kamera zilikuwa zimekufa, na kamera yenyewe hakuja nayo, kwa hiyo kazi ya kweli ingesubiri kesho. Lakini giza lilipoingia alisukuma bati, likalia, anga ikafunguka, na Nge alikuwa tayari amesimama upande wa kusini mashariki, mkia wazi. Akavitoa viti vyote viwili. Akavifuta vumbi.

Daftari la mwisho alikuja nalo asubuhi kumwonyesha Cornelia. Akalifungua chini ya kitaa chekundu. Mstari wa mwisho ulikuwa wa tarehe 2 Oktoba 2022, saa 2:10, kweupe, V. yupo, K. yuko njiani. Chini yake palikuwa peupe mpaka mwisho wa ukurasa, safu zimeshachorwa kwa rula, zikingoja.

Kasimiri akaandika tarehe. Kwenye Saa akatazama saa ya mkononi na kuandika 1:50 usiku, kama inavyosemwa. Kwenye Hali ya anga akaandika kweupe. Alipofika kwenye Waliopo upepo ukawa unataka kumfunulia ukurasa, akaubana kwa kiganja.

*K. amefika*, aliandika, akakaa kwenye kile kiti kisicho na mto.